Namba ya Mwavuli

“Haloo, hapa kwa Germana, Ganako. Unataka maharage ya njano au yale ya madoa?”

Usicheke bado, msomaji. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Marsela Akonaay, wiki iliyopita, aangushe spana juu ya mguu wa Anko Adrian. Alikuwa amepiga namba iliyochapwa kwenye miavuli yake mwenyewe, ile myekundu ya zawadi, inayosema kwa herufi nyeupe: MARSELA GEREJI, UKIKWAMA PIGA. Alitegemea simu iliyo mfukoni mwake iite. Badala yake iliita ya Ganako, na aliyepokea ni bibi kizee mwenye maharage.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Gari lako limezama wapi?”

“Bibi, umejuaje habari za gari?”

“Si wote mnaonipigia siku hizi mna magari yaliyozama? Mimi nilikuwa nauza maharage yangu kwa amani. Tangu mvua zianze, ni magari tu. Huyu klachi, yule tairi, mwingine mzungu wake analia.”

“Namba yako inaishia na ngapi?”

“Tisa.”

Ya Marsela inaishia na sita.

Sita, tisa. Alimsomea mchapaji wa Arusha namba kwa simu, upepo unavuma, lori linapita, na mchapaji akasikia alichosikia. Herufi ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Na miavuli yote imeshagawiwa, kuanzia Karatu mjini hadi juu kwenye ukungu wa Ngorongoro.

“Jana,” bibi akaendelea, hana haraka hata kidogo, “alipiga mwanaume mmoja wa sauti nzito. Valeriani sijui nani. Akaniuliza kama nina gari la kuvuta. Nikamwambia gari sina, nina punda wawili, na mmoja ana mimba.”

“Akasemaje?”

“Simu ikakatika.”

Marsela akakaa juu ya tairi bovu. Na wewe uliyelifungua gazeti hili kwa mara ya kwanza leo, kaa naye, maana jambo lenyewe linataka kukaa. Valeriani ni mwenye kampuni ya utalii ya Arusha, ambaye Landkruza zake hushuka Kreta na kupanda kila siku ya Mungu. Alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo hiyo, akitoka huko na wageni wake, atachagua gereji moja ya Karatu ya kuokoa magari yake mwaka mzima. Ni ya Marsela, au ni ya Clemensi wa ng’ambo ya barabara. Akimchukua Clemensi, Marsela anaifunga gereji aliyoachiwa na baba yake na kwenda kuwa mtunza stoo wa Clemensi. Kiti kimeshaandaliwa. Clemensi mwenyewe alimwonyesha, hata mto wa kukalia upo.

Na Valeriani huyo ndiye aliyeahidiwa punda.

“Dada Marsela, habari za biashara?”

Ukimtaja Clemensi, anaingia. Alivuka barabara akiwa na viatu visivyojua tope, na mkononi ameshika mwavuli mwekundu.

“Nimeuokota stendi,” akasema. “Nimepiga namba yake, nikauziwa maharage na kusimuliwa kisa cha Valeriani na punda. Nimeagiza ya njano. Umebadilisha biashara, au umeongeza?”

“Kaka Clemensi, leo sina nafasi ya kuchekwa.”

“Sikucheki. Nilikwambia tangu mwanzo: zawadi ya biashara apewe bosi. Mimi Valeriani nimempelekea seti ya kalamu, kasha lina kitambaa cha velveti ndani. Wewe unawapa miavuli wachunga ng’ombe. Mchunga ng’ombe ana gari?”

“Hana,” Marsela akajibu. “Lakini bosi huwa hazami. Anayezama ni dereva, na anayemwona dereva akizama ni mchunga ng’ombe. Mvua ikinyesha mwavuli unafunguliwa, na mvua ikinyesha ndipo gari linazama. Kalamu yako inafunguliwa lini?”

Anko Adrian, fundi wake mkuu na mdogo wa mama yake, akakohoa kuficha kicheko. Clemensi hakukasirika. Alitabasamu, na hilo lingetosha kumtia mashaka mtu mwenye akili iliyotulia.

“Hoja nzuri. Ila namba ni ya bibi. Sikiliza, nakushauri kama kaka yako. Kusanya miavuli yako kabla Valeriani hajarudi. Akiuona hata mmoja njiani, punda watamrudia kichwani. Anza na ule wa Mzee Moringe, pale kona ya utelezi. Kila gari linalotoka Kreta linauona.”

Ulishawahi kumsikia Clemensi akitoa ushauri wa bure? Wala mimi. Lakini Marsela alikuwa ameshashika funguo za pikapu.

* * *

“Zawadi hairudishwi,” Anko Adrian alisema walipoanza kupanda. “Mimi nikikupa mbuzi wa harusi yako halafu nikasema naomba yule mbuzi, utanionaje?”

“Siombi mbuzi, anko. Naomba namba.”

“Namba imechapwa kwenye mwavuli.”

“Ndiyo maana naomba mwavuli.”

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Simu ya Marsela ikaita, namba ngeni. Akaipokea kwa mkono mmoja.

“Pamwavuli?” sauti ya kijana, anahema. “Pamwavuli, huku kuna gari...”

“Umekosea namba, kaka.” Akakata.

“Nani?” akauliza Adrian.

“Sijui. Tangu wiki iliyopita watu wananipigia wakimtafuta mtu anaitwa Pamwavuli. Kila mtu kwenye wilaya hii ana namba ya mtu mwingine.”

Wakafika kona ya utelezi, mahali ambapo simu zote zinakufa. Juu kidogo, mbele ya boma lake, Mzee Moringe alikuwa amesimama na ng’ombe wake chini ya mwavuli mwekundu. Mvua ilikuwa bado, lakini mwavuli ulikuwa umefunguliwa wote, kama mtu aliyevaa koti jipya la Jumapili siku ya Jumatano. Kando yake, mke wake mdogo Naisenya alikuwa akipanga shanga za kuwauzia watalii.

“Takwenya,” mzee akamsalimu Marsela kwa Kimaa, lugha ya Wamasai.

“Iko,” Marsela akaitikia. Hapo alitakiwa aulize habari za ng’ombe, kisha za watoto, kisha za mvua, kisha za ng’ombe tena. Hakuuliza hata moja. “Mzee wangu, samahani sana, nina haraka. Naomba ule mwavuli niliokupa. Nauhitaji.”

Ng’ombe mmoja akaacha kutafuna. Sisemi kwamba alielewa, nasema aliacha.

Mzee Moringe akaufunga mwavuli taratibu. Akaukung’uta, ingawa haukuwa na maji. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Chukua, Marsela.”

Shanga zikamponyoka Naisenya.

“Umesikia alivyokuita?” akamnong’oneza Marsela, akimvuta pembeni. “Marsela, amesema.”

“Si ndilo jina langu?”

“Lilikuwa. Tangu umpe ule mwavuli, hapa hakuna anayekuita hivyo. Dada, wewe hujui? Kwetu mtu akikupa ng’ombe, wewe na yeye mnaanza kuitana Pakiteng. Akikupa kondoo, mnaitana Paker. Majina yenu ya kuzaliwa yanalala. Mnaitana zawadi mpaka mnazeeka. Sasa mwavuli kwa Kimaa hatuna, mzee akaazima neno lenu. Akatangaza boma zima, na maboma ya jirani. Wewe kwake ni Pamwavuli, na yeye kwako ni Pamwavuli.”

Marsela akautazama mwavuli mkononi mwake.

“Pamwavuli,” akarudia.

“Ndiyo hilo. Juzi alikuja mtu mmoja mnene wa Karatu, viatu vinang’aa, akataka tumbadilishie mwavuli kwa kofia tano zenye jina lake. Mzee akamwambia, kichwa ninacho kimoja, na jina siuzi. Na leo umekuja wewe mwenyewe kulichukua.”

Viatu vinang’aa. Clemensi. Alikuja kuutafuta mwavuli akaushindwa, kisha akamtuma mwenye zawadi aje aivunje kwa mikono yake. Marsela alitamani kona ya utelezi immeze, yeye na pikapu yake.

Hapo hapo morani mmoja akaja mbio kutoka upande wa bondeni, rubega imeloa tope mpaka kiunoni. Huyo ni Lembris, mtoto wa kaka yake Mzee Moringe.

“Kuna lori la kuvuta magari limezama pale chini,” akasema. “Limefunga barabara yote. Nyuma yake kuna gari la wageni. Nimepanda mpaka kwenye mtandao nikampigia Pamwavuli, akaniambia nimekosea namba.”

Watu wote wakamgeukia Marsela. Hata Anko Adrian, ambaye alipaswa kuwa upande wake.

“Ni wewe uliyenipigia?” Marsela akauliza.

“Mimi. Na juzi pia. Na siku ile ya basi dogo. Kila siku unaniambia nimekosea.”

Umeona mambo ya dunia? Namba isiyo yake ilikuwa inapokelewa vizuri na bibi wa Ganako, na namba yake halisi, aliyoiandika kwa mkono wake kwenye simu ya Mzee Moringe siku ya kwanza, ilikuwa imeshasambaa kwa vijana wote wa kona ile chini ya jina Pamwavuli. Wateja walikuwa wanampigia yeye, na yeye anawafukuza.

Mvua ikaanza. Si manyunyu, mvua yenyewe.

Mzee Moringe alisimama pale pale bila kujifunika. Marsela akaufungua mwavuli, akaenda mpaka alipo, akamwinulia juu ya kichwa. Yeye mwenyewe akabaki nje, maji yanamshuka shingoni.

“Pamwavuli,” akasema, “unanyeshewa.”

Mzee akatazama ng’ombe wake.

“Pamwavuli,” akasema tena, “nilikuja nimechanganyikiwa. Sikujua umenipa jina. Sasa nimejua, nalitaka. Hata kama hunipi kazi yoyote, nalitaka. Habari za ng’ombe?”

Naisenya alikuwa amejiziba mdomo kwa shuka.

“Ng’ombe wazima,” mzee akajibu mwishowe.

“Watoto?”

“Wazima.”

“Mvua?”

“Mvua unaiona, Pamwavuli. Ingia ndani ya mwavuli, utaugua.”

Naisenya akacheka mpaka akakaa chini. Lembris naye akacheka, bila shaka kwa kufurahi kwamba safari hii namba imepatikana.

“Lakini jina limelowa, inabidi tulikaushe kwa zawadi, na libaki lile lile,” mzee akasema. “Lembris, mkamate yule kondoo jike mweupe, mpakie kwenye gari ya Pamwavuli.”

“Mzee wangu, nakwenda kuvuta lori,” Marsela akajitetea.

“Na kondoo atakwenda kuvuta lori.”

Naisenya akamkanyaga mguu. Marsela akaelewa haraka kuliko mara ya kwanza: zawadi haikataliwi. “Ahsante, Pamwavuli,” akasema. “Atakaa na mbuzi wangu.”

“Tunaenda kuokoa gari au tunaenda mnadani?” Anko Adrian aliuliza, kondoo akipandishwa nyuma.

“Uzito wa nyuma unasaidia tairi kushika, anko. Si wewe uliyenifundisha?”

“Nilisema mawe.”

* * *

Lori la kuvuta magari lilikuwa la Clemensi. Jipya, la manjano, jina lake limechorwa kila mahali isipokuwa kwenye matairi, na sasa matairi hayaonekani. Limezama mpaka ekseli. Kumbe Clemensi alikuwa amelituma likamlaki Valeriani njiani, limsindikize kwa fahari hadi Karatu, na lilipojaribu kugeuza kwenye kona likakaa chini kama ngamia aliyekataa kazi.

“Bosi wako yuko wapi?” Marsela akamwuliza dereva wa lori.

“Alisema ana shughuli Ganako.”

Marsela hakulipa neno hilo uzito. Tope lilikuwa limemjaa machoni. Angelipa uzito, msomaji, hadithi hii ingeishia hapa na sote tungekwenda kunywa chai.

Vijana wa boma walishuka na majembe, Mzee Moringe akiwa mbele chini ya mwavuli wake, akielekeza kwa fimbo. Wakachimba mbele ya tairi. Wakajaza mawe. Adrian akafunga mnyororo, Marsela akaipeleka pikapu juu penye mwamba, akaikaza winchi. Kondoo akapiga kelele. Lori likanung’unika, likatikisika, likatoka.

Nyuma yake ikasogea Landkruza, na kutoka ndani yake akashuka mwanaume mrefu aliyejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Sauti yake ilitangulia.

“Ni nani kati yenu ni Pamwavuli?”

“Ni mimi,” wakajibu Marsela na Mzee Moringe kwa pamoja.

Valeriani akawatazama mmoja baada ya mwingine. “Nimekaa kwenye gari na wageni wangu wana hofu, na kila kijana anayepita ananiambia, tulia, Pamwavuli anakuja. Nikadhani ni mganga.”

“Ni fundi,” Lembris akasema. “Siku hizi anapokea simu.”

Wakapanda wote hadi penye mtandao, gari nyuma ya gari, na hapo juu Valeriani akasimama tena, akamfuata Marsela dirishani.

“Wewe ndiye Marsela Gereji? Wa punda?”

Marsela akafumba macho. “Mzee, habari ya punda...”

“Nisikilize kwanza. Juzi na jana nimekwama mara mbili kwa ajili ya mvua hizi. Nikapiga gereji zote ninazozijua. Mmoja hapatikani, mwingine anapokea anasema subiri, hasemi subiri nini. Clemensi ana kalamu zake mezani kwangu, nzuri kweli, lakini simu yake inaita mpaka inachoka. Nikapiga namba ya mwavuli. Yule bibi wa mapokezi yako akapokea mara moja. Akaniuliza kama kuna aliyeumia. Akaniambia nizime injini, nitie mawe na majani chini ya tairi, nisikanyage mafuta kwa hasira. Habari ya punda aliniambia ili nicheke, na nilicheka mpaka chaji ikaisha. Nikatoka kwenye tope peke yangu.”

“Bibi wa mapokezi,” Marsela akarudia polepole.

“Mahali pengine ningekuta msichana anayenisomea maneno ya karatasi. Wewe umeweka mtu mzima. Hiyo ndiyo huduma. Na leo nimeona upande wa pili, nimeona kona nzima ikikuita kwa jina. Kwa hiyo nimeamua.”

Anko Adrian akaacha kupumua. Kondoo akaendelea.

“Kazi ni yako, mwaka mzima. Na sasa hivi nimeshawatumia madereva wangu wote ujumbe. Wafute namba zote za mafundi. Ukikwama, unapiga namba ya mwavuli.”

“Namba... ya mwavuli?”

“Hiyo hiyo. Ile inayoishia na tisa. Na nimewaambia, anayepokea ndiye mwenye kazi yangu, wasihangaike na mwingine.”

Marsela akafungua mdomo kumweleza kuhusu sita na tisa, na mchapaji, na lori lililopita siku ile. Simu yake ikalia kabla neno halijatoka. Kioo kikaonyesha namba ya Ganako.

“Mjukuu,” Bibi Germana alinong’ona, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. “Kuna mgeni hapa sebuleni kwangu. Viatu vinang’aa. Anaitwa Clemensi. Anasema ameupenda sana mwisho wa namba yangu, anataka nimwachie laini ya simu. Ameniletea zawadi.”

“Bibi, usimpe. Tafadhali. Usichukue chochote kwake mpaka nifike.”

Upande wa pili wa simu kijiko kiligonga kikombe, na mwanaume akacheka kwa raha.

“Ungewahi kuniambia, mjukuu wangu,” bibi akasema. “Ni blanketi. Zito, la sufu, rangi ya kahawia. Na huku leo kuna baridi sana, nimeshajifunika.”